Mzee Wanampenda, Kura Je?

Jioni ya tarehe 3 Julai 1945, siku mbili kabla ya Waingereza kupiga kura, Winston Churchill alipanda jukwaani kwenye uwanja wa mbio za mbwa wa Walthamstow, kaskazini-mashariki mwa London. Waliofika walikadiriwa kuwa elfu ishirini. Ujerumani ilikuwa imesalimu amri miezi miwili tu iliyopita. Mzee aliyesimama mbele yao, mwenye miaka 70, ndiye waliyemsikiliza redioni wakati ndege za Hitler zikibomoa mitaa ya mji huohuo.

Wakamzomea.

Si wote. Wengi walishangilia, tena kwa nguvu. Lakini zomeazomea ilikuwa nzito kiasi cha kumkatiza: ananyamaza, anangoja, anaanza tena, anakatizwa tena.

Mwezi Mei mwaka huohuo, watafiti wa maoni ya watu wa shirika la Gallup waliwauliza Waingereza kama wanaridhika na Churchill akiwa waziri mkuu. Watu 83 katika kila 100 walisema ndiyo. Tarehe 26 Julai matokeo yakatangazwa: chama cha Labour viti 393 kati ya 640, Conservative, chama cha Churchill, na washirika wao 213.

Hizo hesabu mbili nimekaa nazo wiki kadhaa sasa, na haziniachi.

## Kilichonichokoza

Barazani kwetu tulikuwa tunabishana juu ya mwanasiasa mmoja mkongwe wa hapa nyumbani. Sitamtaja, maana makala hii si yake na sitaki simu za usiku. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akafunga mjadala kwa sauti ya mtu aliyekwisha hesabu kura: "Huyu haanguki. Hukuona watu walivyojaa? Hukusikia wanavyomsifu?"

Mimi nikamrushia Churchill. Nikasema, mzee wangu, kuna mtu alishinda vita kuu ya dunia, akasifiwa na watu zaidi ya wanane katika kila kumi, akaangushwa miezi miwili baadaye.

Akaniuliza swali moja tu: "Kwa nini?"

Nikajibu jibu la haraka, akalikubali kwa heshima, na usiku nikajua kwamba halikutosha. Tangu hapo nimekuwa nikisoma.

## Shukrani ya punda

Jibu la kwanza linalomjia kila mtu ni lile la wahenga: shukrani ya punda ni mateke. Waingereza hawana shukrani, wamemtumia mzee wa watu kisha wakamtupa. Watu wa karibu wa Churchill nao waliwaza hivyo. Siku ya matokeo daktari wake alipoligusa hilo la kukosa shukrani, Churchill mwenyewe alikataa. Alisema asingeliita hivyo, kwa kuwa watu wale walikuwa wamepata taabu sana.

Hapo ndipo nilipoanza kulitilia shaka jibu la punda. Kama aliyepigwa teke halioni kuwa teke, mimi wa kulia naye ni nani?

Isitoshe, shukrani ilikuwepo, tena ilionekana kwa macho. Siku chache kabla ya Walthamstow Churchill alizunguka miji ya kati na ya kaskazini hadi Scotland, na barabara zilifurika. Watu walipunga vitambaa, wakalia machozi, wakainua watoto wamwone. Sidhani kwamba walikuwa wanaigiza. Na sidhani kwamba wale 83 walimdanganya mtafiti.

Ninavyoona mimi, shangwe ile ilikuwa malipo. Watu walikuwa na deni kwa mzee, wakatoka majumbani kulilipa, wakalilipa kwa sauti na kwa machozi, deni likaisha. Walipoingia kwenye chumba cha kura hawakuwa wakidaiwa na mtu.

Wanasiasa wetu wanapotazama bahari ya watu uwanjani, wao huiona kama ahadi. Huenda ni risiti.

## Swali la pili, ambalo hakuna aliyetaka kulisikia

Hapa ndipo palinipa taabu zaidi. Nilidhani hadithi itakuwa ile tunayoijua: watafiti walikosea, wananchi wakawaaibisha. Sivyo kabisa.

Gallup walikuwa wanauliza maswali mawili. La kwanza: unaridhika na Churchill? Tangu Julai 1940 hadi Mei 1945 jibu la ndiyo halikuwahi kushuka chini ya asilimia 78, hata mwaka 1942 ngome za Waingereza za Singapore na Tobruk zilipoanguka. La pili: uchaguzi ukifanyika, utapigia chama gani? Na kwa swali hili Labour walikuwa mbele tangu mwaka 1943. Miaka miwili kabla ya uchaguzi! Majibu yalichapishwa gazetini, katika News Chronicle, kila mtu akayasoma na chai.

Hakuna aliyeamini.

Churchill hakuamini. Attlee, kiongozi wa Labour aliyekuwa anakaribia kushinda, naye hakuamini; matumaini yake yalikuwa kupunguza tu ushindi wa Conservative. Stalin, walipokutana Potsdam, Ujerumani, mwezi Julai, alimwambia Churchill kwamba atashinda kwa wingi wa viti kama 80. Huyo ni mtu aliyejua mengi juu ya uchaguzi wenye matokeo ya uhakika.

Na dalili hazikuwa za Gallup peke yao. Wakati wa vita vyama vikubwa vilikubaliana kutoshindana kwenye chaguzi ndogo; kiti kikiwa wazi, chama kilichokuwa nacho kinaachiwa. Wananchi wakawa wanachagua wagombea binafsi na vyama vidogo ili tu kuwanyima Conservative. Februari 1944 huko West Derbyshire, jimbo ambalo ukoo wa kitajiri wa Cavendish ulilihesabu kama shamba lao, mrithi wa ukoo huo alishindwa na Charlie White, mgombea binafsi, mtoto wa fundi viatu. Churchill alikuwa amemwandikia kijana wa Cavendish barua ya kumuunga mkono. Haikusaidia. Aprili 1945, wiki chache kabla vita kwisha Ulaya, kiti cha Chelmsford nacho kikawaponyoka Conservative.

Kwa hiyo takwimu zilikuwepo mezani miaka miwili. Waliozisoma walichagua swali la kwanza kwa sababu lilikuwa na jibu tamu.

## Karatasi moja tu

Kuna jambo dogo ambalo nililipita mara ya kwanza, kisha nikalirudia. Mwingereza hampigii kura waziri mkuu. Anampigia mbunge wa jimbo lake. Jina la Churchill lilikuwa kwenye karatasi za jimbo moja tu, Woodford. Kwingine kote nchini, mtu aliyetaka kumshukuru mzee alitakiwa ampe kura mtu mwingine kabisa, mara nyingi yule mbunge wa Conservative ambaye miaka ya 1930 alipiga makofi wakati Chamberlain, waziri mkuu wa siku hizo, akirudi kutoka Munich na mapatano yake na Hitler.

Basi chama kikajaribu kubandika sura ya mzee kila ukuta. Bango lao maarufu lilikuwa na uso wake na ombi: msaidieni amalize kazi. Ukitazama sana unaona tatizo. Kazi ipi? Japani ilikuwa bado inapigana, sawa. Lakini mama wa Walthamstow aliyekuwa akiishi na familia mbili kwenye vyumba viwili kwa sababu bomu limechukua nyumba yake, kwake kazi iliyobaki haikuwa Japani.

Na hata Woodford penyewe pana kisa. Labour na Liberal kwa heshima hawakusimamisha mtu. Akajitokeza mkulima mmoja, Alexander Hancock, mgombea binafsi ambaye hakujulikana na yeyote na ambaye sera zake zilikuwa za ajabuajabu. Churchill alipata kura 27,688. Hancock alipata 10,488.

Zaidi ya robo ya waliopiga kura, nyumbani kwa shujaa, bila chama cha upinzani, walikwenda kuweka alama kwa mtu wasiyemjua ili tu isiwe kwa Churchill. Kila nikiwaza uchaguzi huu ni hao elfu kumi ninaowafikiria zaidi ya ushindi wote wa Labour.

## Nyumba

Nimesoma sababu nyingi. Nyingine ni za kitaaluma mno kwangu. Lakini ukiwasikiliza watu wenyewe, wale waliohojiwa mitaani, neno linalorudi ni moja: nyumba.

Mabomu yalikuwa yamebomoa na kuharibu makazi kwa mamia ya maelfu. Askari walikuwa wanarudi kuoa. Na juu ya hapo palikuwa na kumbukumbu, ambayo nadhani ndiyo iliyokuwa na uzito kuliko vyote. Baada ya vita ya kwanza waziri mkuu Lloyd George aliahidi nyumba zinazowafaa mashujaa. Nyumba zilijengwa, ila hazikutosha. Kilichofuata kilikuwa miaka ya kukosa kazi: mwanzoni mwa miaka ya 1930 wasio na ajira walikaribia milioni tatu, na posho ilitolewa baada ya mkaguzi kuja nyumbani kuhesabu viti na kuuliza binti analeta kiasi gani. Mwaka 1936 wanaume wa Jarrow, mji uliofungiwa karakana yake ya meli, walitembea kwa miguu hadi London kuomba kazi. Miaka mingi ya kipindi hicho nchi ilikuwa mikononi mwa Conservative.

Halafu vita ikaja, na ghafla kila mtu akawa na kazi. Chakula kikagawiwa kwa kadi, tajiri na maskini wakapanga foleni moja. Watu wakaona kwa macho yao kwamba serikali ikitaka, pesa hupatikana. Desemba 1942 ikatoka ripoti ya William Beveridge juu ya bima ya jamii, kijitabu kizito cha serikali kilichojaa majedwali, na watu wakapanga foleni kukinunua. Nakala zaidi ya nusu milioni ziliuzwa. Nijuavyo mimi, kwetu hapa watu hawapangi foleni kununua ripoti ya tume. Basi ujue njaa ya mabadiliko ilikuwa kubwa.

Churchill hakuwa adui wa mambo hayo, na ni haki kulisema. Yeye mwenyewe, kijana katika serikali ya Liberal kabla ya vita ya kwanza, alishiriki kuanzisha bima ya wasio na kazi. Machi 1943 alihutubia redioni akataja bima ya taifa kwa kila mtu, tangu kuzaliwa hadi kufa. Ila alitaka kwanza vita viishe. Na bungeni, Februari mwaka huo, ripoti ilipojadiliwa, wananchi walisikia mawaziri wakikohoa na kusema gharama, gharama.

Aliyetumikia siasa tangu 1900 hana bahati ya kukumbukwa kwa jambo moja. Kwa mtu wa London Churchill alikuwa sauti ya 1940. Kwa mchimba makaa wa Wales Kusini alikuwa waziri wa mambo ya ndani aliyepeleka askari wakati wa mgomo wa Tonypandy mwaka 1910, na mtu aliyesimama dhidi yao kwenye mgomo mkuu wa 1926. Vita havikufuta hayo, viliyaweka pembeni kwa miaka mitano.

## Ile hotuba

Wengi husema alijiangusha mwenyewe. Tarehe 4 Juni, katika hotuba yake ya kwanza ya kampeni redioni, alisema Labour wakitawala hawataweza kutekeleza ujamaa wao bila aina fulani ya Gestapo, polisi wa siri wa Hitler. Inasimuliwa kwamba mkewe, Clementine, alimwomba aliondoe neno hilo. Hakuliondoa.

Hebu fikiria. Attlee alikuwa naibu wake katika serikali ya pamoja ya wakati wa vita. Bevin wa Labour ndiye aliyeendesha nguvukazi ya nchi nzima, Morrison wa Labour ndiye aliyeshika usalama wa ndani. Miaka mitano wamekaa meza moja, leo ni Gestapo. Kesho yake Attlee, mtu mpole asiye na makeke, ambaye kampeni nzima alizungushwa na mkewe kwa gari dogo la familia, alijibu kwa utulivu kwamba sasa wapiga kura wameonyeshwa tofauti kati ya kiongozi mkuu wa taifa vitani na kiongozi wa chama cha Conservative. Akaongeza kwamba sauti ya jana ilikuwa ya Churchill, ila akili ilikuwa ya Lord Beaverbrook, tajiri wa magazeti.

Ni jibu zuri mno, na kwa siku kadhaa niliamini kwamba ndilo lililoamua. Kisha nikarudi kwenye tarakimu. Mwanzoni mwa 1945 pengo la Labour kwa Gallup lilikuwa zaidi ya mara mbili ya lile la wiki ya mwisho. Utafiti wa mwisho uliwapa Labour 47, Conservative 41. Maana yake, katika wiki zilezile za hotuba ya Gestapo, Conservative walikuwa wanapanda.

Hilo liliniyumbisha. Yaelekea mzee na misafara yake waliokoa viti. Bila yeye wangeangushwa vibaya zaidi. Aliyeshindwa Julai alikuwa amekwisha shindwa tangu 1943, akiwa katika kilele cha kusifiwa.

## Keya hawakuulizwa

Kura zilipigwa tarehe 5 Julai, zikahesabiwa wiki tatu baadaye ili za askari walio nje zifike. Walipiga kura kutoka Italia, Misri, India, Burma. Burma hiyohiyo walikuwepo vijana wetu wa King's African Rifles, yaani keya, waliovuka bonde la Kabaw kwenye mvua na malaria hadi mto Chindwin mwaka 1944. Mwingereza aliyekuwa kwenye handaki la jirani aliletewa karatasi ya kura. Keya hakuletewa.

Lakini matokeo yalimfuata hadi kwao. Serikali hiyo ya Labour ndiyo iliyoleta mpango wa karanga Tanganyika mwaka 1947: Kongwa, Urambo, Nachingwea, ekari zaidi ya milioni tatu kwenye makaratasi, ili Mwingereza apate mafuta ya kula. Udongo wa Kongwa ukawa mgumu kama saruji, mvua zikagoma, na kufikia 1951 mpango ukafutwa baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36. Bandari ya Mtwara ni mabaki ya ndoto ile. Wapiga kura wa Walthamstow walitaka maisha bora, na sehemu ya mahesabu ya maisha hayo iliandikwa kwenye vumbi la Ugogo.

Naye Churchill tulimjua kitambo. Alishuka Mombasa mwaka 1907 akiwa naibu waziri wa makoloni, akapanda treni kwenda Nairobi na ziwani, akisafiri sehemu ya njia kwenye benchi lililofungwa mbele ya injini. Alikuwa waziri mkuu tena Oktoba 1952 hali ya hatari ilipotangazwa Kenya. Barazani kwetu nilipomtaja kama shujaa, mzee yule hakunipinga, lakini mwenzake wa pembeni, mwenye ndugu Nyeri, aliniangalia sana.

## Nyumba 300,000

Nilitaka kuishia hapo, ila 1951 inanivuta.

Conservative hawakukaa miaka sita wakilia kwamba wananchi hawana fadhila. Kwenye mkutano mkuu wa chama mwaka 1950 wajumbe waliwabana viongozi mpaka wakakubali ahadi ya kujenga nyumba 300,000 kwa mwaka. Uchaguzi wa Oktoba 1951 Churchill, akikaribia miaka 77, alirudi madarakani. Hakurudi kwa kupendwa kuliko wengine: chama chake na washirika walipata kura milioni 13.7 na Labour milioni 13.9, ila viti vikawaangukia Conservative. Katika chaguzi tatu alizoongoza chama, hakuna hata mmoja ambao kura za chama chake zilizidi za Labour.

Wizara ya nyumba alimkabidhi Harold Macmillan, ambaye hakuitaka. Mwaka 1953 nyumba zikafika laki tatu, na mwaka 1955, mzee akiwa amekwisha staafu, chama chake kikashinda uchaguzi kwa kura na kwa viti.

Nimemrudishia mzee wa baraza jibu hili lote, kipande kwa kipande. Amesema bado anaamini kwamba mtu wetu atapita. Nikamwomba basi afanye jambo moja kabla ya siku ya kura: akimkuta kijana anayemsifu mkongwe wetu, asiishie kwenye sifa, amuulize na la pili, anataka nini mwaka ujao, na nani anadhani atampa. Ameahidi kuanzia kwa wajukuu zake.